Jina limechafuka CRB na kuna kijana anataka laki 2 na nusu anisafishie, nifanyeje?

Swali: Shikamoo mama. Mi nipo Dodoma, nauza mafuta ya alizeti na karanga soko la Majengo. 2021 nilikopa benki milioni 4, nikarejesha miezi 9 vizuri kabisa, afu mume wangu akaugua tukawa tunalala hospitali na mtaji ukaishia huko. 2023 afisa mikopo akaniambia nilete laki 9 tumalizane, nikalipa, nikajua yameisha. Mwezi uliopita nimeenda benki nyingine kuomba milioni 6 ninunue mashine ya kukamulia alizeti wakaniambia CRB yangu imechafuka, yaani rekodi yangu ya mikopo inasoma vibaya, na tena kuna mikopo miwili ya simu ambayo mi siijui. Kuna kijana nimeunganishwa naye anasema nimpe laki 2 na nusu pamoja na kitambulisho, ndani ya siku 3 jina linakuwa safi. Naomba ushauri wako mama.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana, natumaini mzee wako sasa hivi ana nafuu. Nimekaa dirisha la mikopo miaka 17, mingi hapa hapa Dodoma, na swali lako nimelisikia kwa watu wengi tu ila wengi walikuja wakati laki 2 na nusu imeshatoka mfukoni, kwahiyo nashukuru umeuliza mapema. Tuanze na huyo kijana maana ndo wa haraka.

Usimpe hela, na zaidi ya hela usimpe namba yako ya NIDA wala picha ya kitambulisho wala laini yako hata kwa dakika 2. Ngoja nikueleze kwanini, sio kukutisha. Benki uliyokopa inapeleka taarifa za mkopo wako kwenye kanzidata ya Benki Kuu, afu kampuni za taarifa za mikopo (ndo hizo CRB) zenye leseni ya Benki Kuu, Creditinfo ni mojawapo, zinachukua kutoka humo na kutengeneza ripoti yako, historia yote pamoja na alama. Huo utaratibu upo kwenye kanuni za mwaka 2012. Sasa ukienda kuomba mkopo benki nyingine, afisa anavuta ile ripoti anaisoma. Umeona mnyororo ulivyo? Anayeweza kubadilisha kilichoandikwa ni yule aliyekiandika, yaani mkopeshaji wako wa zamani. Huyo kijana hayupo popote kwenye huo mnyororo. Anachoweza kufanya na kitambulisho chako ni kukukopea mikopo mingine, na nimeshakaa na mama mmoja wa Chang'ombe alilia mbele ya meza yangu kwa sababu alimlipa mtu wa "kusafisha" na baada ya miezi 2 ripoti yake ikaja na mikopo mitatu mipya, yote kwa jina lake.

Na kitu kingine ambacho watu wanakikosea, CRB haijakukataa. Ripoti haina sehemu inayosema mpe au usimpe. Imesema tu huyu alikopa hiki, akalipa hivi, amechelewa siku kadhaa, anadaiwa kadhaa. Aliyekataa ni benki, na kila benki ina ukali wake. Kwahiyo kazi yako sio kuomba kufutwa mahali, kazi yako ni kufanya ile historia isomeke vizuri, na hiyo unaweza mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni ripoti yenyewe uwe nayo mkononi. Usiende kulipa popote kabla hujaiona, hata kama una hela. Rudi kwanza pale benki walipokukataa, muombe afisa kwa upole akuambie ni mkopo gani hasa umemzuia na wa nani, hiyo haikugharimu kitu. Afu wasiliana na kampuni ya taarifa za mikopo ukiwa na kitambulisho chako cha NIDA uombe ripoti yako mwenyewe, ni haki yako kuiona, gharama watakutajia wenyewe na ulipie kwenye utaratibu wao rasmi, sio kwenye namba ya simu ya mtu.

Ukishaipata usikimbilie kuangalia alama. Alama ni matokeo tu. Nenda kwenye orodha ya mikopo, chukua kalamu, pita mkopo mmoja mmoja: nani alikukopesha, lini, kiasi gani, salio limebaki ngapi, siku za kuchelewa ngapi, na hali ya mkopo imeandikwaje, unaendelea au umefungwa au ni mbovu. Weka alama kwenye kila usichokitambua.

Nikupe mfano ambao sijausahau. Kuna baba mmoja mkulima wa zabibu wa Hombolo alikuja na bahasha ya kaki imechakaa mpaka mikunjo imeanza kuachana, ndani kabana na pini risiti zote za marejesho yake mwezi kwa mwezi kwa mpangilio, hakuna hata moja iliyopotea. Amekataliwa mkopo na haelewi kwanini maana amelipa wote. Nikavuta ripoti, nikakuta salio la sh. 14,200. Elfu kumi na nne na mia mbili. Rejesho la mwisho alilipa kamili kama lilivyoandikwa kwenye ratiba ila alichelewa siku 11, penati ikaingia, hakuna aliyempigia kumwambia, mkopo haukufungwa, na mfumo ukaendelea kuhesabu siku. Siku tunaangalia pamoja zilikuwa zimeshapita 640. Kwenye macho ya mfumo huyu mzee mwenye risiti zote ni mdaiwa sugu. Alilipa hiyo elfu 14 siku hiyo hiyo, akafuatilia barua, na ripoti iliyofuata mkopo ulisoma umefungwa.

Wewe nahisi ndo yaliyokukuta, ila kwa kiasi kikubwa zaidi. Uliambiwa kwa mdomo ulete laki 9 "tumalizane". Swali ni je, ile laki 9 ilikuwa deni lote, au ilikuwa deni la msingi bila riba na penati, au yalikuwa makubaliano ya kusamehewa kiasi ambayo hayakuandikwa popote? Na hela uliweka kwenye akaunti ya mkopo au ulimtumia mtu? Hapo ndo pa kuchimba. Nenda tawi ulilokopa, omba stetimenti ya mkopo tangu siku ya kwanza mpaka leo, uone laki 9 imeingia tarehe gani na baada ya kuingia salio lilibaki ngapi.

Wanaweza kukuambia mkopo wako "ulishafutwa kwenye vitabu". Hapo watu wengi wanashangilia wakidhani wamesamehewa. Sio msamaha. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unaingia kwenye mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, na ukikaa sana benki inauondoa kwenye hesabu zake kwa sababu za kihesabu, lakini deni bado ni lako na kwenye ripoti linaonekana baya kuliko yote. Ila lina faida moja kwako, benki ilishakata tamaa na hiyo hela, kwahiyo ukienda na kitu mkononi wanakuwa tayari kuongea. Omba kwa barua wakuondolee penati na riba iliyolimbikizwa, eleza ugonjwa wa mumeo na ambatanisha nyaraka za hospitali, sema unaweza kulipa kiasi gani na lini. Usione aibu kuandika hivyo. Mi nimepeleka kwenye kamati ya mikopo barua nyingi za namna hiyo na zilizokuwa na nyaraka na tarehe kamili zilipita, zilizokuwa zinalalamika tu hazikwenda mbali.

Wakikubali, kabla hujalipa senti uwe na maandishi yenye muhuri yanayosema ukilipa kiasi hiki deni limekwisha na taarifa itarekebishwa. Lipa kwenye akaunti ya mkopo. Afu dai barua ya kumaliza mkopo, usitoke bila kujua utaipata lini. Ile barua tengeneza kopi 3, moja kaa nayo, moja mpe mtu unayemwamini, na moja ni ya kwenda nayo benki mpya, maana mfumo hausomi papo hapo, taarifa zinapelekwa kwa vipindi, na katikati hapo barua ndo inakusemea. Subiri mwezi mmoja au miwili uvute ripoti tena uhakikishe wamebadilisha. Wasipobadilisha andika malalamiko kwa benki kwanza, kopi igongwe muhuri wa kupokelewa, na wakikaa kimya au jibu lisikuridhishe unaenda Benki Kuu, wana dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki na wewe una bahati wapo hapo hapo mjini barabara ya Jakaya Kikwete, hupandi basi.

Sasa hiyo mikopo miwili ya simu. Kabla hatujamlaumu mtu, piga *106# kwenye simu yako uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Mara nyingi jibu linatoka hapo. Dada zangu wengi mlimsajilia mdogo wako laini akiwa hana kitambulisho, au ile laini ya zamani ukamwachia shemeji, na yeye kila akiishiwa anachukua kamkopo ka elfu 15, elfu 30, halipi, anabadilisha laini. Deni linasoma jina lako. Kama ni hivyo muulize mtu huyo taratibu nyumbani, lipeni liishe, afu hiyo laini ahamishiwe jina lake au ifungwe. Kama kwenye orodha kuna laini usiyoijua kabisa, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho waifute, na kwa mkopo uliochukuliwa nayo andika kwa mkopeshaji kwamba huutambui, ukiwa na taarifa ya polisi itakusaidia. Usilipe deni ambalo kweli sio lako ili tu yaishe, maana kulipa ni kama kukubali kwamba uliukopa.

Kama ni zile aplikesheni za mikopo ya haraka, angalia kwanza kama zina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 kwa mpigo, nyingi ni zile zilizokuwa zinachukua namba za watu wako wote na kuwatumia meseji kwamba we ni tapeli. Kama uliwahi kudhalilishwa hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakulinda na Tume yake ipo hapo Dodoma pia, peleka zile meseji usizifute.

Haya, tuseme mpaka hapo deni la benki limefungwa na ya simu yameeleweka. Jina bado halijawa zuri. Mkopo uliofungwa unaonekana umefungwa, lakini ule mwaka uliochelewa nao unaonekana. Hapo ndo watu wanakata tamaa na ndo pale mi napenda kuongea na mtu. Nilipokuwa navuta ripoti ya mteja, jicho langu lilikuwa linaenda kwanza kwenye miezi 12 ya mwisho. Mtu aliyeanguka 2022 na mwaka huu analipa kila tarehe bila kuruka, huyo nilikuwa na la kumtetea mbele ya kamati. Mtu aliyeanguka 2022 na tangu hapo hana chochote, sina cha kusema, najua tu alivyoanguka. Kwahiyo unahitaji historia mpya, na historia mpya inatokana na mkopo mdogo unaolipwa kwa wakati. Mdogo kweli, laki 2 laki 3, kutoka benki au taasisi inayopeleka taarifa, na muulize afisa kabisa, "marejesho yangu mnayapeleka CRB?" Kama hawapeleki utalipa vizuri na hakuna atakayejua. Benki nyingine zitakupa hata sasa hivi ukiweka akiba yako mwenyewe kama dhamana, yaani unaweka laki 5 wanaizuia, wanakukopesha laki 4, unalipa. Unakatwa riba kwa hela ambayo ni kama yako ndio, ila unanunua mwaka wa historia nzuri, na kwa mtu anayetaka milioni 6 hiyo bei naona ni halali.

Na hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndo palipokuangusha hata kabla ya ugonjwa, nahisi. Biashara yako ni ya msimu. Alizeti ya Singida na Kongwa na Kondoa inaingia kuanzia Mei mpaka Julai, unanunua kipindi hicho bei ikiwa chini, na hela nzuri unaiona baadaye mafuta yakianza kuadimika. Rejesho la kila mwezi linalolingana mwaka mzima linakukaba Juni wakati hela yote ipo kwenye magunia. Muombe afisa ratiba inayofuata msimu, rejesho dogo miezi ya kununua na kubwa miezi ya kuuza, benki zinazokopesha kilimo na biashara ya mazao zinaelewa lugha hiyo. Wakigoma, basi kopa kiasi ambacho rejesho lake unaweza kulipa kwenye mwezi wako mbaya kuliko yote, sio kwenye mwezi mzuri. Chukua daftari lako, tafuta mwezi uliouza kidogo mwaka jana, toa chakula, kodi ya kizimba na ada, kinachobaki gawa kwa 2. Hiyo nusu ndo rejesho lako. Weka siku 3 kabla ya tarehe, sio tarehe yenyewe, mtandao unakata na Jumapili zipo.

Daftari la kikoba chako usilidharau, kwa kawaida halifiki CRB lakini afisa mikopo mwenye akili akiona umeweka hisa kila wiki miaka 2 anaandika kwenye maoni yake. Na pitisha mauzo yako kwenye akaunti au lipa namba hata kama ni kidogo kidogo, yawe na mahali pa kusomeka.

Usiombe mkopo benki 4 kwa wiki moja. Kila anayevuta ripoti yako anaacha nyayo, na anayefuata akiona wenzake watatu wamevuta na hakuna aliyetoa, anaogopa.

Na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, mwanangu kaa nazo mbali, hata kwa kuziba deni la benki. Nasema hivyo kwa sababu najua kuna siku utakuwa umepungukiwa laki moja ya rejesho na yule mtu wa mtaani yupo tayari na hela mkononi. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea akiba za watu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wamewekewa kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi, kwenye laki 3 ni sh. 10,500. Anayekupa laki 3 urudishe laki 3 na 90 elfu mwezi ujao amekutoza karibu mara 9 ya hapo, na anakushikia kadi ya benki na kitambulisho juu. Ukipungukiwa, nenda kwa afisa wako kabla ya tarehe umwambie, omba kupangiwa upya. Mteja anayekuja kabla hajachelewa na anayetafutwa kwa simu akizima, hao hatuwaandiki sawa.

Nikuambie na hili langu. 2014 nilimdhamini mfanyakazi mwenzangu kwenye ushirika wa akiba na mikopo, akahama mkoa, akaacha kulipa, na mimi niliyekuwa nafundisha watu haya mambo nikajikuta nakatwa mshahara na jina langu linasoma vibaya kwa deni ambalo sikula hata shilingi. Ilinichukua karibu miaka 2 kulimaliza na kuipata barua yake. Iliniuma sana, na tangu hapo sijawahi kumlaumu mteja kwa kuchafuka kabla sijamsikiliza. Kwahiyo angalia kwenye ripoti yako sehemu ya udhamini pia, ujue umesimama kwa nani na yule mtu analipa au halipi.

Kuhusu mashine, msimu huu iache. Najua inauma maana kila debe unalopeleka kukamuliwa kwa mwenzio unaacha hela pale. Lakini ukianza kesho, deni la zamani likafungwa ndani ya miezi 2 au 3, kamkopo kadogo ukakalipa mwaka bila kuruka, msimu unaokuja baada ya huo unaomba ukiwa na barua, ripoti safi ya miezi 12 na stetimenti ya mauzo, na unaomba milioni 3 sio 6 kwa sababu nyingine umeshaiweka mwenyewe. Huyo mteja mi ningempitisha.

Jumatatu anza na tawi la zamani, asubuhi kabla ya foleni, uombe stetimenti ya mkopo. Ukiipata pamoja na ripoti nitumie picha tuisome wote mstari kwa mstari, ila ziba namba ya NIDA na namba ya akaunti kwa karatasi kabla hujapiga. Na huyo kijana akipiga tena mwambie unaenda benki mwenyewe.